Coaster iliyokuwa ikiua betri ya mlangoni

Gari ni Toyota Coaster ya volti 24. Viti viling'olewa zamani, na sasa ndani mna vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, friji, feni mbili na televisheni ndogo. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Tudor, Mombasa. Likizo zikifika huwapakia wajukuu, leo Tiwi, kesho Shimoni, mara nyingine Watamu. Aliileta gereji kwetu Changamwe na ombi moja tu: auziwe betri nyingine ya ndani, safari hii "ile nzuri kabisa", maana za nyuma zote zilikuwa feki.

Risiti alikuwa nazo ndani ya bahasha. Betri ya kwanza aliyobadilisha ilidumu kama miezi saba. Ya pili mitano. Ya tatu haikumaliza hata mitatu. Ilimwangusha Shimoni usiku, na nguru aliyemnunua kwa wavuvi jioni akakutwa asubuhi ameharibika humo humo frijini.

Mteja akija na maneno hayo, rahisi ni kumuuzia anachotaka na kumwombea safari njema. Lakini zile risiti zilinizuia. Betri tatu, chapa mbili, maduka tofauti, na kila moja inakufa mapema kuliko iliyoitangulia: hapo wa kushtakiwa si betri tena. Kabla sijashika bisibisi nikamuuliza, "Mwalimu, hizo zote tatu zilifungwa upande gani?"

"Huu huu wa mlangoni. Ile ya ukutani haijaguswa tangu gari litengenezwe. Hiyo ndiyo nzima, mwanangu."

Vipimo

Coaster hii ina jozi mbili za betri. Moja ni ya kuwashia injini, na iko pale pale ilipowekwa kiwandani. Nyingine ni ya matumizi ya ndani: betri mbili za maji, moja upande wa mlango na nyingine upande wa ukuta, kila moja volti 12 na ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba), zimeungwa kwa mfululizo ili zitoe volti 24, na zimefichwa kwenye kasha la mbao chini ya kiti kirefu. Injini ikinguruma, rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, huziunganisha jozi hizi, ikizimwa, huzitenga. Ndiyo maana stata haikumsumbua Mwalimu hata siku moja, na ndiyo maana hakuna aliyeshuku nyaya. Juu ya paa kuna paneli mbili za sola na kidhibiti chake, kinachosimamia chaji.

Gari lililala gerejini kila kitu kikiwa kimezimwa, na paneli nikazikata ili jua la asubuhi lisije likanidanganya. Betri inayochajiwa au inayotumika haisemi ukweli. Lazima iachwe itulie. Asubuhi kioo cha kidhibiti kilisoma volti 24.4. Kwa jozi ya volti 24 hiyo ni kama nusu ya chaji, si hali ya kumtia mtu hofu. Namba hii ndiyo Mwalimu aliyokuwa akiiangalia miaka yote.

Nikafungua kasha, nikapima kila betri peke yake. Ya ukutani: 12.7. Ya mlangoni: 11.7. Yaani moja imejaa pomoni na nyingine imekauka chaji, na zikijumlishwa zinaleta namba ya kuridhisha. Anayepima jozi nzima kwa mara moja hawezi kuliona hilo abadan.

Kisha nikafungua vifuniko. Ile "nzima" ndiyo iliyonitisha. Ilitoa harufu ya yai viza, na kwenye vyumba viwili vya katikati, kati ya sita vya betri, maji yalikuwa yameshuka chini ya ncha za juu za sahani za risasi, hata kipima asidi hakikupata cha kuvuta. Sahani zilichomoza juu kavu kabisa, za chanya zina rangi ya kahawia, za hasi kijivu kilichopaa weupe. Vyumba vilivyobaki vilisoma 1.28, yaani asidi ni nzito kuliko maji mara 1.28, kama ya betri iliyojaa. Betri ya mlangoni ilikuwa na maji tele, lakini uzito wa asidi yake ulikuwa 1.11 tu. Kuna hesabu ya haraka ambayo mafundi wengi hawaijui: chukua namba ya kipima asidi, ongeza 0.84, zidisha kwa 6 (idadi ya vyumba), na utapata volti za betri iliyotulia. Kwa 1.11 inakuja 11.7. Mita na kipima asidi vilikuwa vinasema neno moja.

Adhuhuri nikarudisha paneli. Jua la Mombasa likafanya kazi yake, na jozi ikapanda hadi volti 28.4, jambo lililo sawa kabisa kwa betri za aina hii. Nikapima tena moja moja. Ukutani 15.3. Mlangoni 13.1.

Hapo kisa kilikuwa kimekwisha kujieleza. Kilichobaki ni kuufuata waya.

Waya wa katikati

Waya wenyewe ulikuwa mwekundu, umefungwa vizuri tu, umetoka kwenye kile kiungo kinachoshikanisha betri mbili. Vifaa vyote vya ndani vinataka volti 12. Fundi aliyeligeuza gari hakutaka gharama ya kipunguza volti, akafanya linalofanywa kwenye malori na mabasi tangu zamani: akachomoa volti 12 katikati, kutoka kwenye betri moja, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Hiyo ni ya mlangoni.

Simlaumu kupita kiasi. Matatu kadhaa za volti 24 zimepiga muziki kwa mtindo huo, na redio inayokula ampea mbili tatu kwenye gari linalotembea kutwa haileti hasara ya kuonekana upesi. Friji inayofanya kazi usiku kucha, gari limeegeshwa ufukweni, ni habari nyingine.

Tupige hesabu ya siku moja ya Mwalimu. Friji yake ilikula ampea 4 kila compressa ilipowaka, na kwa joto la pwani huwaka karibu nusu ya siku: hiyo ni ampea-saa 48. Feni mbili usiku, ongeza 16. Taa, televisheni na pampu ya maji, tuseme 6. Jumla ni 70, na zote zinatoka kwenye betri moja ya 100. Betri ya asidi na risasi inayotarajiwa kudumu haifai kushushwa chini ya nusu kila siku. Ya mlangoni ilikuwa ikishushwa mpaka kwenye tope, huku mwenzake hatoi kitu.

Halafu inakuja chaji. Betri zikiwa kwenye mfululizo, ampea zinazoingia ni zile zile kwa zote mbili. Hakuna njia ya kuipa moja zaidi. Umewakalisha sinia moja mtu aliyeshinda na njaa na mwingine aliyetoka karamuni, ukawaamuru wale matonge sawa. Aliyeshiba ndiye anayeumia kwanza. Betri ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia hauna sahani ya kugeuza, kwa hiyo volti zake hupanda na nguvu huishia kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Betri ya volti 12 huanza kutoa gesi kwa wingi karibu na 14.4, hii ilikuwa ikipelekwa 15.3 kila mchana wa jua, mwezi baada ya mwezi. Kidhibiti nacho hakina habari: kinaona jumla ya 28.4, kinajua kazi imekwisha, kinapunguza mkondo. Mwenye njaa anaachwa na 13.1, na kwa volti hizo hajai hata mkae Tiwi wiki nzima.

Kila betri ya risasi inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga kwenye sahani. Hilo ni la kawaida, na ikichajiwa mapema salfeti huyeyuka ikarudi ilikotoka. Ikiachwa siku nyingi bila kujazwa, chembe zake hukua na kuwa ngumu, zikaziba sehemu ya sahani moja kwa moja. Betri tatu za Mwalimu zilikufa hivyo, na hakuna hata moja iliyokuwa feki. Kwa nini kila moja iliwahi kuliko ya kabla yake? Naona sababu ni ile ya ukutani. Kadiri ilivyokauka ndivyo ilivyozidi kujichukulia volti za chaji, na betri mpya ikazidi kubakiziwa makombo. Tena ya tatu ilikuwa betri ya kuwashia gari, yenye sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Hizo hazijaumbwa kuvumilia kushushwa kila usiku.

Tulichofanya

Nilianzia nyuma ya friji. Kibandiko chake kilikuwa kimefunikwa na vumbi lililoganda kwa mafuta ya kupikia. Nilipokifuta kikasoma volti 12/24. Friji nyingi za compressa za magari ziko hivyo, zinajitambua zenyewe volti zinazoingia. Mla umeme mkuu wa gari zima hakuwa na haja ya volti 12 tangu siku ya kwanza!

Basi friji ikahamishiwa kwenye volti 24 kamili, na fyuzi yake. Sasa inakula ampea 2 badala ya 4, kutoka betri zote mbili kwa usawa. Kuna faida mbili zaidi. Waya wake ulikuwa wa milimita 2.5, mita saba kwenda na saba kurudi. Kwa ampea 4 ulikuwa ukipoteza karibu volti 0.4 njiani, na kwenye volti 12 hilo ni pigo. Kwa ampea 2 kwenye volti 24 unapoteza 0.2, na friji haina habari. La pili, friji hii ikiwa kwenye volti 12 hujizima zikishuka hadi 10.4, wakati betri imekwisha kufa. Kwenye 24 hujizima kwa 22.8, yaani 11.4 kwa kila betri. Bado ni chini kuliko ninavyopenda, lakini afadhali.

Feni, pampu, taa na televisheni vikawekewa kipunguza volti cha ampea 20. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya betri moja. Waya wa katikati nikaukata, nikauondoa wote, asije fundi mwingine akaukuta akauona mtamu. Kuna vifaa vya kusawazisha betri mbili za mfululizo, vinavyohamisha ampea chache kutoka iliyoshiba kwenda yenye njaa. Si vibaya kama msaidizi. Kuviweka ili waya wa katikati ubaki kazini, kwangu hapana.

Zile ampea-saa 70 za volti 12 sasa ni 35 za volti 24. Ukiongeza kinachopotea kwenye kipunguza volti hazifiki 40, na kila betri inatumika chini kidogo ya nusu yake.

Mvutano ulikuja kwenye ununuzi. Mwalimu alikuwa radhi kununua moja.

"Ya ukutani inasoma 12.7. Mbona unanitia hasara, fundi?"

Sikubishana naye kwa maneno. Niliitia maji ya betri, nikaichaji peke yake mpaka ikajaa, nikaiacha itulie, kisha nikaifunga taa ya mbele ya gari inayokula kama ampea 5. Betri ya ampea-saa 100 hupewa daraja hilo kwa saa 20, kwa hiyo ikiwa nzima, taa ile iwake ampea 5 kwa saa 20 kabla volti hazijafika 10.5. Mwalimu akavuta kiti. Kahawa ikaja, ikarudiwa. Hazikutimia saa nane za kuwaka, betri ikawa imefika 10.5. Betri iliyosoma 12.7 ilikuwa imebakiwa na chini ya ampea-saa 40. Volti za asubuhi hukwambia betri imejaa au haijajaa. Ukubwa wa pipa lenyewe hazikwambii.

Kwa hiyo zilinunuliwa mbili, za matumizi marefu, sahani nene, chapa moja, tarehe moja ya kiwandani. Kabla ya kuziunga nilizichaji kila moja peke yake hadi zikakaa sawa, maana ukiziunga moja ikiwa pungufu umeanza ugonjwa ule ule upya. Hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi pasiwe na cheche. Fyuzi ikae karibu na chanya, si mwisho wa waya. Tarehe nikaiandika kwa rangi kwenye kila betri.

Kasha la mbao nililitoboa matundu juu na chini, na mpira wa kupitisha hewa ukatoka nje ya gari. Haidrojeni hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea lazima liwe juu, na ikifika asilimia 4 ya hewa cheche moja inatosha kuilipua. Watoto walikuwa wakilala juu ya kasha lile.

Joto na maji

Joto halikuua betri hizi, ila lilisaidia. Kanuni ya wanaoshughulika na betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, maisha ya betri hupungua kwa nusu. Msimu wa kaskazi, gari likiegeshwa uwanjani madirisha yamefungwa, huko chini ya kiti huwa ni tanuri. Betri yenye joto pia inahitaji volti chache zaidi za chaji: jozi ya 24 hupunguziwa nusu volti hivi ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 35. Kidhibiti cha Mwalimu kilijua kufanya hivyo, lakini kihisi chake cha joto kilikuwa kinaning'inia hewani kabatini. Nikakigandisha ubavuni mwa betri.

Kuhusu maji nilimwekea masharti makali, kwa sababu hapa watu huzitia betri kila kinachomiminika. Ya kisima usiyafikirie; visima vyetu vingi kisiwani vina chumvi, na chumvi ni sumu ya sahani. Ya chupa ya kunywa yana madini. Yanayotonwa na eyakondishena yanakaribia usafi, lakini yamepita kwenye mabomba na vumbi, nami siyataki. Tia maji ya betri ya dukani, baada ya kuchaji na si kabla, maana chaji huyapandisha na yatafurika. Yafunike sahani tu. Lakini zikiwa zimeachwa wazi, zifunikwe kidogo kwanza ndipo zichajiwe. Na asidi isiongezwe kamwe. Wapo wanaomwaga asidi kwenye betri iliyochoka ili kipima asidi kisome vizuri; namba inapanda, sahani zinaliwa.

Ratiba yake ni fupi. Wakati wa kaskazi afungue vifuniko kila wiki mbili, wakati wa kusi mara moja kwa mwezi. Vichwa vya betri vikiota ule unga wa kijani na mweupe, avioshe kwa maji ya magadi vifuniko vikiwa vimekazwa, akaushe, apake vaselini. Na apime kila betri peke yake alfajiri kabla ya jua, friji imezimwa. Zikipishana zaidi ya volti 0.1, alete gari kabla ya kusafiri.

Betri zilizokufa

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kunusa, akaja na mkokoteni. Alitaka kuzinunua na kumwaga asidi mtaroni ili apunguze uzito wa kubeba. Tulimkatalia, tukazirudisha zikiwa nzima kwenye duka la betri, ambalo hupokea za zamani na kupunguza bei ya mpya.

Sisi wa upande huu wa Mombasa hatuna kisingizio cha kutojua. Owino Uhuru iko pale Mikindani. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu jirani na kijiji hicho kiliwaingizia watu sumu ya madini ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawaamulia wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa kwa miaka. Betri moja ya ampea-saa 100 ina kilo nyingi za risasi, na mtaro wa Changamwe unaelekea baharini.

Swali la lithiamu

Mwalimu amerudi mara kadhaa tangu hapo, na betri zake hazijapishana zaidi ya volti 0.03. Alipokuja mwisho aliniuliza kama zikizeeka atie za lithiamu, kwa kuwa mwanawe aliye Dubai amemshauri.

Zinafaa. Za fosfeti ya chuma na lithiamu unaweza kuzitumia karibu zote bila kuziua, ni nyepesi, hazina maji ya kuongeza, na kuachwa na chaji nusu hakuzidhuru. Ila huvuta mkondo mkubwa bila kusita zikichajiwa, na altaneta ya Coaster (jenereta inayozungushwa na injini) ikifungwa nazo kwa rilei tupu inaweza kuungua ikiwa gari limesimama linanguruma. Itabidi rilei itoke, iingie chaja maalumu kati ya altaneta na betri, kidhibiti cha sola kipangwe upya, na betri zihamishwe kutoka kwenye kasha lile la joto. Volti zake pia hubaki pale pale mpaka karibu ziishe, kwa hiyo kipimo cha alfajiri alichokizoea hakitamfaa tena. Atahitaji mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Nilimwandikia gharama zote kwenye karatasi. Akaikunja, akaitia kwenye ile bahasha ya risiti, akaniuliza kama feni ya tatu itaingia kwenye kipunguza volti kilichopo. Itaingia.